Fonie inaponyamaza saa nane mchana: nani anahesabu madoa ya jua?

Siku ya Alhamisi tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, saa nane na dakika 18 mchana kwa saa za Goma, satelaiti za Marekani zilipima mlipuko wa jua wa daraja la X9.0. Tangu mzunguko wa sasa wa jua uanze mwishoni mwa 2019, hakukuwa kumetokea mlipuko mkubwa kama ule. Saa hiyo jua lilikuwa juu ya Ghuba ya Guinea, na karibu Afrika yote ilikuwa mchana. Kituo cha Marekani kinachofuatilia hali ya anga za juu kilitangaza kuvurugika kwa redio za mawimbi mafupi kwa daraja la R3, ni kusema la tatu kati ya madaraja matano.

Mashariki mwa Congo, mawimbi mafupi si kitu cha zamani. Ndiyo fonie: ile ya zone ya afya iliyo mbali na barabara, ya parokia, ya shirika la misaada, ya ndege ndogo inayokwenda Shabunda au Punia. Mlipuko wa namna ile unaponyamazisha fonie, anayeishika hukagua betri, hupanda kukaza antena, hata humlaumu mwenzake wa upande wa pili kwamba amelala. Kisha, baada ya nusu saa au saa nzima, sauti inarudi yenyewe. Wachache hufikiri kutazama juu.

Kumbe kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo tu, kutazama juu. Mlipuko wa tarehe 3 ulitoka kwenye kundi la madoa meusi lililopewa namba 3842, na kundi hilo hilo lilikuwa limekwisha kurusha mlipuko mwingine mkubwa siku mbili mbele. Wenye darubini ndogo katika nchi mbalimbali walikuwa wakilihesabu kila asubuhi kwenye ua wa nyumba zao, juu ya paa au dirishani. Kati yao mna walimu, mafundi na wazee waliostaafu. Sehemu kubwa yao hawalipwi hata franka moja. Na bado, hesabu ambayo dunia nzima inatumia kujua hali ya jua inasimama juu ya mabega yao.

Karatasi nyeupe na penseli

Doa la jua ni mahali ambapo nguvu ya sumaku imekuwa kali mno hata inazuia joto la ndani lisipande juu. Uso wa jua una joto la digrii karibu 5,500. Ndani ya doa kubwa joto linashuka hadi karibu 4,000. Doa linaonekana jeusi kwa sababu tu limezungukwa na mwanga mkali zaidi. Madoa yakiwa mengi na yakijisokota ovyo, sumaku hiyo hukatika na kujiunga upya kwa ghafla. Hapo ndipo milipuko inapotokea.

Mtazamaji hachungulii jua kwa jicho. Anaelekeza darubini ya lenzi, mara nyingi yenye upana wa sentimita 6 hadi 10, na kuacha mwanga utoke nyuma na kuanguka juu ya karatasi nyeupe. Picha ya jua inajichora pale, duara safi lenye vitone vyeusi. Wengine hufunga kichujio maalumu mbele ya darubini, ambacho hupunguza mwanga kabla haujaingia. Kisha wanahesabu vitu viwili: makundi, na madoa yote ndani ya makundi hayo.

Kanuni ni ya Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Uswisi, aliyeanza hesabu yake mwaka 1849. Chukua makundi, zidisha kwa kumi, ongeza idadi ya madoa yote. Makundi matatu yenye jumla ya madoa 12 yanatoa 42. Doa moja peke yake linatoa 11, kwa sababu nalo ni kundi. Kwa mtu anayekutana na kanuni hii mara ya kwanza inaweza kuonekana kama mchezo, lakini ina akili yake: mwenye darubini dhaifu hukosa madoa madogo, ila makundi hayamkwepi kirahisi. Kisha kila mtazamaji hupewa kipimo chake cha kumsawazisha na wenzake, maana macho hayalingani, wala darubini, wala anga ya Tokyo na ile ya Milano.

Wolf mwenyewe alitumia darubini ya sentimita 8. Darubini hiyo ipo mpaka leo, na huko Uswisi wapo wapenzi wa elimu ya nyota ambao bado wanahesabu nayo. Hilo si kwa ajili ya kuwaenzi wazee tu. Ukitaka kujua kama jua la leo ni kali kuliko lile la 1850, pima kwa chombo kile kile.

Tangu 1981 namba zote zinakusanywa Bruxelles, kwenye Kituo cha Kifalme cha Elimu ya Nyota cha Ubelgiji kilichoko Uccle, katika ofisi inayoitwa SILSO. Vituo karibu 80 kutoka nchi nyingi vinatuma hesabu zao huko, na karibu theluthi mbili ni vya watu binafsi wasio na ajira katika kazi hiyo. Tarehe 1 ya kila mwezi namba ya mwezi uliopita inatangazwa. Ni namba hiyo inayotumiwa na wanaopanga safari za satelaiti, wanaochunguza tabia ya nchi, na wanaotabiri ni masafa gani ya redio yatafanya kazi mwezi ujao.

Mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoitishwa na NASA na NOAA lilitabiri kwamba mzunguko huu ungekuwa dhaifu, na kilele chake kingefika 115 mwezi wa saba 2025. Jua halikusoma ripoti hiyo. Wastani wa mwezi wa nane 2024 ulipita 215, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2001. Kilele chenyewe, baada ya kusawazisha miezi, kilifika karibu 160 mwezi wa kumi 2024, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Aliyegundua kwamba utabiri umepitwa hakuhitaji chombo cha mamilioni ya dola. Mtu mwenye karatasi na penseli alikuwa akiliona jambo hilo kila asubuhi.

Mwenye duka la dawa na binti wa Tokyo

Historia ya kazi hii imejaa watu ambao hawakutumwa na yeyote. Heinrich Schwabe alikuwa mfamasia wa mji wa Dessau, Ujerumani. Kuanzia 1826 alilitazama jua kila siku ambayo mawingu yalimruhusu, akitafuta sayari aliyodhani inapita mbele yake. Sayari hiyo haikuwepo. Lakini baada ya miaka 17 daftari zake zilimwonyesha kitu ambacho hakukitafuta: madoa yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka karibu kumi. Leo inajulikana kwamba mzunguko huo una wastani wa miaka 11.

Tarehe 1 mwezi wa tisa 1859 Richard Carrington, Mwingereza aliyejijengea kituo chake binafsi kwa mali ya familia ya watengeneza bia, alikuwa akichora madoa alipoona mwanga mweupe ukiwaka juu ya kundi moja. Alikimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, chini ya dakika moja, mwanga ulikuwa karibu umekwisha. Bahati yake ni kwamba Mwingereza mwingine, Richard Hodgson, naye si mwajiriwa wa mtu, alikuwa ameona jambo lile lile kutoka mahali pengine. Saa 17 hivi baadaye mashine za telegrafu za Ulaya na Marekani zikaanza kutoa cheche. Hakuna aliyekuwa ameona mlipuko wa jua mbele ya hao wawili, na kama Carrington angekuwa peke yake, pengine asingeaminiwa.

Lakini anayestahili kukumbukwa zaidi, na ambaye hatajwi vya kutosha, ni Hisako Koyama. Alizaliwa mwaka 1916 nchini Japani. Hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Mwaka 1944, katikati ya vita, alianza kuchora jua kwa darubini ndogo aliyopewa na baba yake, na mchoro wake wa kwanza akaupeleka kwa mwanaastronomia Issei Yamamoto ili amwambie kama alichokiona ni doa kweli. Jibu likawa ndiyo. Baadaye akaajiriwa na makumbusho ya sayansi ya Tokyo, na kwa zaidi ya miaka 40 akaendelea kuchora kwa darubini ile ile ya makumbusho, kwa njia ile ile, siku baada ya siku. Aliacha michoro zaidi ya elfu kumi.

Umuhimu wake ulikuja kuonekana wazi miaka mingi baada ya kifo chake cha 1997. Mwaka 2016 wanasayansi Leif Svalgaard na Kenneth Schatten walitaka kuunganisha hesabu za makundi ya madoa za karne tatu ziwe mstari mmoja. Walihitaji watazamaji wachache waliokaa muda mrefu sana bila kubadili mtindo, ili wengine wote walinganishwe nao. Miongoni mwa waliowachagua kuwa uti wa mgongo wa hesabu hiyo ni Johann Caspar Staudacher, Mjerumani wa karne ya 18 aliyetazama jua kwa mapenzi yake, Schwabe mwenye duka la dawa, na Koyama. Kwa karne ya 20 kulikuwa na vituo vyenye majengo makubwa na bajeti za serikali. Aliyetegemewa ni mama mmoja wa Tokyo, kwa sababu hakuchoka wala hakubadilika.

Kituo kikuu kilipopotoka

Anayeuliza kwa nini wataalamu wasihesabu wenyewe wakawaacha hao wa kujitolea wapumzike, jibu lake liko Locarno, kusini mwa Uswisi. Zurich ilipoacha kazi na Bruxelles kuichukua, kituo cha Locarno kilifanywa kuwa rula: vituo vingine vyote vililinganishwa nacho. Kituo hicho kina watu makini na kinafanya kazi mpaka leo. Hata hivyo, karibu na mwaka 2015, timu ya Bruxelles iliyoongozwa na Frédéric Clette ilipochambua kumbukumbu zote upya, ilikuta kwamba kwa miongo mitatu rula yenyewe ilikuwa ikipanda na kushuka polepole. Locarno ilikuwa imepotoka, na kwa sababu wote walipimwa kwake, dunia nzima ilipotoka pamoja nayo.

Ilijulikanaje? Kwa kuweka hesabu za vituo vingi vya mtandao kando ya ile ya Locarno. Mtu mmoja akikosea, anakosea kwa njia yake. Watu makumi kadhaa wasiojuana, katika nchi tofauti, hawawezi wote kukosea kwa upande mmoja na kwa siku moja. Tarehe 1 mwezi wa saba 2015 namba mpya zilizosahihishwa zilitolewa, na masahihisho yakagusa hata karne zilizopita. Hapo inaonekana wazi kwamba wale wa kujitolea hawapo kuwasaidia wataalamu kubeba mizigo. Wao ndio ukaguzi.

Satelaiti nazo zina udhaifu wao. SDO ya Marekani, iliyorushwa 2010, hupiga picha nzuri za jua mchana na usiku, na hakuna mwenye darubini ya sentimita 8 anayeweza kushindana nayo. Lakini tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2024 bomba la maji ya kupozea lilipasuka kwenye chumba cha seva katika Chuo Kikuu cha Stanford, na maji yakafurika mitambo inayochakata data za satelaiti hiyo. Jicho lilikuwa zima angani, ila huduma ya data ilikwama kwa sababu ya bomba. Siku hizo hizo, penye anga safi, mwenye karatasi yake aliendelea kuhesabu. Zaidi ya hayo, kila chombo cha angani kina mwisho, na kinachokifuata huwa na macho tofauti. Mzunguko mmoja wa jua ni miaka 11; kuifahamu tabia yake kunahitaji mizunguko mingi, ni kusema maisha ya watu kadhaa wanaopokezana.

Jua au mtu?

Ni lazima kuwa wakweli kuhusu kinachoihusu Congo na kisichoihusu. Dhoruba za jua zinazozima umeme, kama ile ya tarehe 13 mwezi wa tatu 1989 iliyoacha watu karibu milioni sita wa Quebec gizani kwa saa tisa hivi, hupiga zaidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Umeme unapokatika Bukavu au Uvira, sababu itafutwe kwenye nguzo, mashine na bili. Jua halina hatia.

Kwenye mawasiliano mambo ni tofauti. Mashariki mwa Congo iko ndani ya ukanda wa ikweta ambamo tabaka la juu la hewa, lile linaloitwa ionosfea, lina tabia ngumu kuliko karibu mahali pote duniani. Baada ya jua kutua, matundu makubwa hujitokeza ndani ya tabaka hilo na kupanda kama mapovu kwenye chungu. Ishara ya GPS inayopita humo inatikisika, wakati mwingine inapotea kabisa. Hali hiyo huwa mbaya zaidi katika miaka ya kilele cha madoa, hasa karibu na miezi ya tatu na ya tisa.

Na hapa kuna suala zito. Mwaka 2024 malalamiko yalifika hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba ishara za GPS zinavurugwa kwa makusudi huko Kivu Kaskazini, jambo linalohatarisha ndege. Mwaka ule ule ulikuwa wa kilele cha jua. Basi rubani anayepoteza GPS juu ya Masisi amekutana na nini, jua au mtu?

Swali hilo lina jibu, ila kwa mwenye kumbukumbu. Mlipuko wa jua hupiga mchana tu, hupiga fonie kwanza, na hupiga nusu nzima ya dunia kwa dakika ile ile; haiwezekani Rutshuru ivurugike kwa sababu hiyo huku Kampala na Kisangani zikiwa salama. Mapovu ya ionosfea huja jioni, hupungua usiku unapokomaa, na hutanda juu ya nchi kadhaa. Uvurugaji wa makusudi hukaa kwenye eneo dogo, hauna adabu ya saa, na hufuata mstari wa vita badala ya mstari wa ikweta. Anayetaka kushtaki mbele ya dunia kwamba mtu fulani anavuruga GPS, jambo la kwanza atakaloulizwa ni jua lilikuwaje siku hiyo. Na anayetaka kukana, kisingizio cha kwanza kitakuwa jua. Orodha ya siku, iliyoandikwa na watu wasio na upande wowote katika vita hivyo, inafunga mlango huo kwa wote wawili.

Jambo hili halitapungua uzito. Mwezi wa tano 2025 serikali ya Kinshasa kupitia mamlaka ya mawasiliano iliipa Starlink kibali cha kufanya kazi nchini, baada ya kuikataza mwaka mmoja mbele. Wengi mashariki wanaiona kama njia ya kutotegemea minara inayozimika kila vita vinaposogea. Ni kweli, lakini mtandao huo nao uko chini ya jua lile lile. Mwezi wa pili 2022 kampuni hiyo ilirusha satelaiti 49, na siku iliyofuata dhoruba ya jua, tena si kubwa, ikaivimbisha hewa ya juu hata satelaiti 38 zikashindwa kupanda na kuanguka.

Nafasi iliyo wazi

Ukiangalia mtandao wa Bruxelles, Ulaya ndiyo imejaa. Hilo lina sababu za historia, lakini lina hasara pia: wakati wa baridi watazamaji wa Ulaya wanaweza kukaa siku nyingi bila kuliona jua, na hata likitoka linakaa chini na muda mfupi. Kwenye ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Si kwamba Kivu haina mawingu. Mwezi wa kumi na moja asubuhi nyingi ni mvua, na kiangazi kina moshi wa mashamba. Ila kati ya mwezi wa sita na wa nane, mtu wa Uvira anaweza kuliona jua siku nyingi mfululizo, na kipindi hicho cha moshi hakizuii kuhesabu makundi.

Congo haikuwa ugenini katika kazi hizi. Wakati wa ukoloni palikuwa na vituo vya kupima sumaku ya dunia huko Binza, karibu na Kinshasa, na Karavia, karibu na Lubumbashi, na taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1947 ilijenga makao makubwa Lwiro, karibu na Bukavu. Lwiro ipo hadi leo, na watu wake wanajulikana zaidi kwa kupima matetemeko. Kufuatilia kitu kila siku, kukiandika, kutoruka siku, ni kazi ambayo wapimaji wa Lwiro na wale wa volkano ya Nyiragongo wanaifahamu vizuri, hata katika miaka ambayo mshahara ulichelewa.

Kwa wanaolalamikia mawingu kuna njia nyingine isiyohitaji anga safi. Antena ya waya iliyozungushwa kwenye fremu ya mbao, kipokezi kidogo na kompyuta ya zamani vinatosha kusikiliza redio za masafa ya chini sana ambazo majeshi ya majini hutumia kuzungumza na nyambizi. Jua likilipuka, nguvu ya ishara hiyo hubadilika ghafla, na mstari kwenye skrini unaruka kama mwiba kabla ya kushuka taratibu. Nchini Marekani shirika la AAVSO, ambalo lilianzisha kitengo chake cha jua mwaka 1944 wakati vita vilipokata habari kutoka Zurich, linakusanya kumbukumbu za namna hiyo kutoka kwa watu wa kawaida. Chuo Kikuu cha Stanford kiligawa vipokezi vya aina hiyo kwa shule za nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Kinachohitajika kuliko pesa ni umeme usiokatika, na kwa kifaa kidogo kama hicho paneli moja ya jua inatosha.

Darubini yenyewe, ile ya sentimita 6 au 8, bei yake haizidi ya telefone nzuri. Hatari iko kwenye kuitumia vibaya. Jua lilipofunikwa na mwezi tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2013, kivuli kikapita juu ya kaskazini mwa Congo kuelekea Uganda, wapo waliolitazama kupitia filme za radiografi au miwani ya kawaida ya jua. Vyote viwili havilindi jicho. Kulitazama jua moja kwa moja ndani ya darubini isiyo na kichujio cha mbele kunaunguza jicho mara moja, na hakuna maumivu ya kumwonya mtu, maana sehemu inayoungua haina hisia ya maumivu. Mwalimu atakayefanya kazi hii na wanafunzi atumie karatasi nyeupe, na asiondoke kando ya darubini hata kidogo.

Sasa madoa yanapungua. Kushuka huko hakumaanishi utulivu: katika mzunguko uliopita ule wa nyuma, kilele kilipita 2001, lakini dhoruba zilizotikisa dunia zilikuja mwisho wa mwezi wa kumi 2003. Baada ya hapo daraja la juu kabisa la dhoruba halikufikiwa tena hadi tarehe 10 mwezi wa tano 2024, usiku ambao watu wa Namibia walipiga picha mbingu nyekundu na matrekta ya wakulima wa Marekani yanayoongozwa na GPS yakasimama shambani. Jua linatarajiwa kufika chini kabisa karibu na 2030. Hadi wakati huo, kila tarehe 1, Bruxelles itatoa namba ya mwezi uliopita, na yeyote mwenye fonie na kalenda anaweza kuiweka kando ya saa ambazo sauti ilipotea.